Bulu ya majivu

Kitambaa kilikuwa juu ya meza ya kukatia, mita 46, bado kimekunjwa kama kilivyotoka sokoni, na mama prezida wa kwaya alisimama mbele yake bila kukigusa. Baba yangu ameshona nguo hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, tangu kabla sijazaliwa, na anajua kwamba mteja aliyeridhika hukamata kitambaa kwanza, hukisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo aseme neno. Huyu hakunyoosha mkono. "Papa fundi," alisema kwa upole uliotutia hofu kuliko kelele, "tulisemaka bulu ya majivu. Hii iko majivu tu."

Kosa lilikuwa langu, wala si la baba. Wiki ile alikuwa kitandani na malaria, na mimi ndiye niliyepokea simu ya mama prezida, nikaandika kwenye karatasi kwamba wanakwaya 23 wamekubaliana juu ya sketi za bulu ya majivu na blauzi nyeupe, kisha nikateremka sokoni na fedha za watu mfukoni. Muuzaji alinitandikia majora mawili jirani. La kwanza lilikuwa jivu lenye bulu inayochungulia kwa mbali, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. La pili lilikuwa bulu iliyotulizwa, bulu iliyopungua makali. Nilitazama karatasi yangu, nikasoma neno la mwisho, "majivu", nikachagua la kwanza. Nilipomrudia siku ya tatu yake, alinijibu kwamba kitambaa kilichokwisha kukatwa hakirudi kwenye jora, na kwa kweli sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni mimi niliyeuelekeza mkasi wake.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jina hili zaidi ya linavyostahili, pengine kwa sababu mimi hutafsiri nyaraka ili nipate kula, na mtu anayeishi kwa maneno huona aibu ya pekee anapoangushwa na maneno matatu mafupi. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba sarufi ilikuwa upande wa mama prezida. Chai ya maziwa si maziwa ya chai: ya kwanza ni chai iliyotiwa maziwa, ya pili ni maziwa yanayongojea chai. Kwa hesabu hiyo hiyo, bulu ya majivu ni bulu iliyotiwa majivu kidogo, na mwenye nyumba katika jina hilo ni bulu, majivu ni mgeni tu. Wafaransa nao hufuata utaratibu wa namna hiyo, maana kwao bleu-gris ni buluu inayoelekea kijivu, na gris-bleu ni kijivu kinachoelekea buluu, na shuleni tulifundishwa kwa kiboko kwamba majina kama hayo yaliyoungwa hayabadiliki hata nguo zikiwa mia moja. Kiboko kile kilinifundisha tahajia, hakikunifundisha kununua kitambaa.

Ninaloweza kusema kwa kujitetea ni kwamba sikio la Kiswahili limezoea kusikia "rangi ya majivu" kama jina kamili linalojitegemea. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi ambavyo ni vyake tangu asili na vinavyokubali kuvalishwa viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema kitambaa cheusi, ukuta mweusi, nguo nyeusi, na neno linajigeuza bila kuombwa. Rangi nyingine zote ni mali ya kuazima, na nyingi zimeazimwa kutoka kwa vitu. Kijani kimetoka kwenye jani. Manjano ni kile kiungo kinachotia wali rangi na kubaki kwenye kucha za mpishi hadi kesho yake. Kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua, na ile nyekundu nzito inayokaribia weusi huitwa damu ya mzee, jina ambalo hakuna kamati ingeweza kulitunga. Kijivu kimetoka jikoni, kwenye jivu, na ile ki- ya mwanzo ni ile ile ya kitoto na kifalme, yaani ki- ya namna au mtindo: kijivu ni kwa namna ya jivu. Ukitaka kulegeza unalirudia shina, unapata kijivujivu, kitu kinachofanana na jivu lakini hakijafika.

Huku kwetu Bukavu, hata hivyo, neno kijivu tunalijua zaidi kwa kulisoma kuliko kwa kulisema. Fundi atakuambia "rangi ya majivu" au atakuambia "gri" kwa Kifaransa, na wote wawili mtaelewana. Na neno samawati, linalotokana na neno la Kiarabu la mbingu na linalopendwa na vitabu vya pwani kwa buluu ya anga, sijawahi kulisikia sokoni Kadutu hata mara moja. Nililitamka siku moja mbele ya baba akadhani ni jina la mteja.

Bulu yetu ina safari yake, na safari hiyo inachekesha. Watu wa pwani husema buluu, na waliipata kwa Waingereza. Sisi husema bulu, na tuliipata kwa Kifaransa cha Wabelgiji. Ungetarajia kwamba ni maneno mawili ya wageni wawili tofauti. Lakini Waingereza wenyewe walilipata neno lao kwa Wafaransa katika Enzi za Kati, na Wafaransa walikuwa wamelirithi kutoka kwa Wafranki, watu wa asili ya Kijerumani walioingia katika nchi ambayo baadaye ilichukua jina lao. Kwa hiyo fundi wa Mombasa na fundi wa Kadutu wanatumia neno la babu mmoja, lililopanda meli mbili. Kabla ya neno hilo kuenea, lugha yetu ilikuwa na nili, neno lililotoka katika Kisanskriti na kupitia Kiajemi na Kiarabu, likimaanisha rangi ya mmea wa nili, ile ambayo mashati ya wanafunzi yalikuwa yakisuuziwa ili weupe uonekane mweupe zaidi. Ukizidisha nili katika maji ya mwisho, shati halitoki jeupe. Linatoka na kivuli cha buluu kilichokufa, na linabaki hivyo hadi litupwe. Nakumbuka nimevaa shati la namna hiyo mwaka mzima wa darasa la tano. Laiti mama prezida angeniambia "rangi ya shati lililozidishiwa nili", nisingekosea hata nusu mita.

Mama yangu, aliyekuwa akituuzia pole na kicheko kwa wakati mmoja, alikuwa na jibu lake. Alikiangalia kile kitambaa cha balaa, akakigeuza upande wa pili, akasema kwamba wanakwaya walitaka "rangi ya mugongo ya sambaza", na sambaza mbichi, kabla jua halijamgusa. Kila aliyewahi kununua sambaza asubuhi kwenye ufuko wa ziwa anajua anachosema. Ubavuni samaki huyo ni fedha tupu, lakini mgongoni ana mstari mzito wa rangi ambayo si bulu wala si majivu, unaong'aa ukiwa na maji na kuzimika kadiri maji yanavyokauka. Saa mbili asubuhi rangi ipo. Saa sita imekwisha, na ukimwanika hadi jioni unabaki na kitu cha hudhurungi kinachonukia vizuri.

Jina hilo la mama lina jambo moja linalonifurahisha kuliko ufasaha wake. Sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Alitolewa Ziwa Tanganyika, anakojulikana kama ndagala, na akapandwa katika ziwa letu kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa sababu maji ya Kivu yalikuwa na chakula kingi tumboni mwake na samaki wachache wa kukila katikati ya ziwa. Leo ndiye anayewatoa wavuvi usiku na taa zao, katika mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili kasia zipige kwa pamoja. Maana yake ni kwamba bibi yangu, akiwa msichana hapa hapa kando ya ziwa hili hili, asingeweza kuiita rangi hiyo kwa jina alilolitumia binti yake. Macho yake yalikuwa yale yale na huenda rangi ilikuwepo kila mahali, lakini samaki wa kuibeba alikuwa bado hajafika.

Nilidhani mataifa yenye maneno ya rangi yaliyopangwa kwenye kadi za duka la rangi hayana taabu hii. Nikaanza kutafuta, na nikagundua kwamba nao walitoka mlango huo huo. Warusi wana neno moja zima kwa buluu yenye kijivu, sizyy, na ukiwauliza mfano wake watakuonyesha njiwa. Warumi wa kale walikuwa na caesius, walilolitumia hasa kwa macho ya watu. Ndilo walilolikumbuka wanasayansi wa Ujerumani Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff mwaka 1860, walipochunguza mwanga wa chumvi za maji ya madini ya Dürkheim, wakaona mistari miwili ya buluu ambayo haikuwa ya elementi yoyote iliyojulikana, wakaiita elementi hiyo mpya sizi, yaani caesium. Wafaransa wana bleu ardoise, buluu ya lile jiwe linalopasuka kwa tabaka, ambalo wao huezekea nyumba na sisi tulilijua kama kibao cha kuandikia cha darasa la kwanza. Mfaransa akisikia ardoise anaona paa lenye mvua. Mkongomani wa rika la baba yangu anaona hesabu ya kujumlisha iliyofutwa kwa kiganja chenye mate. Jina ni moja, na nadhani hata rangi inayoonekana kichwani si moja, kwa sababu jiwe lililosuguliwa na mate ya watoto lina majivu mengi zaidi kuliko paa.

Lakini jina lililonishika zaidi lilitoka kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye hupitia karakana ya baba kila jioni kwa kisingizio cha kuwasha sigara. Aliposikia mkasa wetu akasema, bila kufikiri sana, "Walitaka bleu horizon." Nilimwuliza amelipata wapi. Akasema katika kitabu cha historia, kwenye picha za askari wa Ufaransa wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kisa cha jina hilo ni cha fundi cherehani kabisa. Askari wa miguu wa Ufaransa walikuwa wakivaa suruali nyekundu tangu mwaka 1829, na mwaka 1914 walizivaa tena kwenda kupigana na bunduki za kisasa, wakionekana shambani kama nyanya zilizoiva. Wakubwa wao hawakuwa vipofu. Julai mwaka huo huo bunge lilikuwa limepitisha kitambaa kipya, kilichofumwa kwa nyuzi za rangi tatu za bendera, buluu, nyeupe na nyekundu, ambazo zikichanganyika machoni kwa mbali zilitarajiwa kutoa rangi iliyopoa. Kisha vita vikaanza, na ikaonekana kwamba ile rangi nyekundu ya kutia nyuzi, alizarini, ilikuwa ikitengenezwa viwandani Ujerumani, yaani kwa adui. Wafumaji wakabaki na buluu na nyeupe. Wakaendelea kufuma bila nyekundu. Kilichotoka kwenye mitambo kilikuwa kitambaa cha buluu nyepesi yenye ukungu wa kijivu, na mwaka 1915 jeshi likaanza kukivaa, nacho kikaitwa buluu ya upeo wa macho, ule mstari ambapo mbingu hukutana na nchi. Bunge lililochaguliwa Novemba 1919 lilijaa wapiganaji waliorudi vitani, na watu wakaliita bunge la bleu horizon. Rangi iliyopatikana kwa kukosa uzi ikapanda hadi kwenye siasa.

Nilipomsimulia baba kisa hicho, hakushangazwa na bunge wala na vita. Alishangazwa na uzi. "Uzi mmoja umekosekana," alisema, "na wewe unashangaa kwamba umekosea neno moja."

Siku chache baadaye nilikwenda kukaa kando ya ziwa upande wa Muhumba, kuangalia kama mwalimu alikuwa sahihi. Ulikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, watu wanachoma majani mashambani na moshi umelala juu ya maji. Kilima cha karibu kilikuwa kijani chenye mabati yanayometa. Kilichofuata nyuma yake kilikuwa bulu kweli kweli, ingawa nilijua kina migomba na mihogo kama cha kwanza. Cha tatu kilikuwa ndicho: bulu ya majivu, isiyo na shaka yoyote, rangi ambayo ningeweza kuinunua mita 46 nimefumba macho. Cha nne kilikuwa karibu cheupe, na nyuma yake hapakuwa na kilima tena bali dhana ya kilima.

Sababu yake imejulikana tangu Lord Rayleigh, mwanafizikia Mwingereza, alipoieleza mwaka 1871. Chembe ndogo mno za hewa hutawanya mwanga wa buluu kuliko mwanga mwekundu, ndiyo maana anga ni buluu, na ndiyo maana hewa iliyo kati yako na mlima humwaga buluu yake juu ya mlima, nyingi zaidi kadiri mlima ulivyo mbali. Moshi na vumbi ni chembe kubwa zaidi. Hizo hazichagui, hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na mchanganyiko wa rangi zote ni weupe mchafu. Buluu ni mchango wa hewa, na majivu ni mchango wa moshi. Ndiyo kusema kwamba wanakwaya wetu, walipoipa rangi yao jina la majivu, walitaja hasa kile kinachoitengeneza juu ya ziwa wakati wa kiangazi. Mvua za Septemba zikishuka, moshi huoshwa, na milima ile ile husogea karibu na kuwa bulu tupu, na Kahuzi, mlima wa mita 3308 uliotoweka miezi miwili nyuma ya mji, hurudi mahali pake asubuhi moja kana kwamba hakuna aliyemkosa.

Mwisho wa shauri letu haukuletwa na mwalimu wala na Rayleigh. Mama prezida alirudi Jumamosi, safari hii ameshika mfuniko wa ndoo ya plastiki. Aliuweka mezani juu ya kile kitambaa cha jivu. Ulikuwa mfuniko uliokuwa bulu siku uliponunuliwa, ukakaa juu ya pipa la maji nje ya nyumba yake miaka saba, jua likiunyonya kila siku, hadi bulu ikapoteza kelele zake zote. Katikati, mahali ambapo palikuwa na jiwe la kuuzuia upepo usiuchukue, palibaki duara la bulu ya zamani, kali, kama kovu. Pembeni kote ilikuwa ile rangi.

"Hii njo bulu ya majivu," alisema. "Bulu ilikuwa. Jua ikaiweka majivu."

Baba aliuchukua mfuniko, akatoka nao nje ya mlango, kama anavyofanya kwa kila kitambaa, kwa sababu haamini rangi iliyotazamwa chini ya taa. Ana haki. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya balbu ya karakana na kukanana mchana kweupe, kwa kuwa kila mwanga una rangi zake na kila rangi ya viwandani hunywa zake na kutema zake. Na mimi, katika simu yangu, nilikuwa nimempelekea mama prezida picha ya jora iliyopigwa ndani ya duka lenye turubai la bulu juu ya mlango. Picha ile ilikuwa bulu. Alikuwa amejibu "sawa" kwa picha ya turubai.

Baba alinituma tena sokoni, na mfuniko chini ya kwapa. Nilipita duka kwa duka nikiwawekea wauzaji mfuniko wa ndoo juu ya majora yao, na walicheka, lakini katika duka la nne mama mmoja hakucheka. Aliugeuza, akausugua kwa kidole, akaingia ndani na kutoka na jora ambalo lilikaa kando ya mfuniko bila mpaka kuonekana. Nililipia kwa fedha zangu. Kile kitambaa cha kwanza kimekuwa kikiondoka polepole, suruali ya mzee huyu, bitana ya koti la yule, kwa maana hata watoto wa shule hawakuweza kukitumia. Kwao ni bulu na nyeupe, majivu hayaruhusiwi.

Baba ana daftari ambamo hubandika kwa pini kipande cha kila kitambaa alichokishona kwa kundi la watu, pamoja na bei ya mita moja na jina la rangi, ili mwanakwaya mpya akija mwaka ujao apate kinachofanana. Usiku ule alinipa peni na kuniuliza, mimi mwenye maneno mengi, tuandike nini. Nilimwambia kwamba kwa Kiswahili sanifu tunaweza kusema buluu ya kijivu, au samawati iliyofifia, au, tukimfuata mwalimu, buluu ya upeo. Alisikiliza yote kwa heshima. Kisha alichukua peni mkononi mwangu, akaandika bei, na kando yake, kwa ule mwandiko wake unaolalia kushoto, akaandika "mfuniko".